Korongo Liko Upande Gani?

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Dodoma, asubuhi moja ya Agosti, nilisimika mashine ya kupimia ardhi upande wa Nala, juu ya nukta niliyoitafuta alfajiri kwa kipokezi cha setilaiti. Nikasoma namba, nikaziandika, nikampungia mkono kijana aliyeshika prizima, kioo ambacho mashine inakilenga, asogee alama inayofuata. Upepo wa mwezi ule mnaujua, unaleta vumbi mpaka kwenye meno. Mzee niliyepangiwa kutoka naye alikuwa ameketi chini ya mgunga, kofia juu ya goti, kimya. Ilipita kama saa nzima. Ndipo akauliza, "Mwanangu, kwenye mchoro wako korongo liko upande gani?"

Nikafungua mchoro. Korongo lilikuwa kaskazini mwa viwanja. Nikainua macho. Korongo lilikuwa kusini kwangu, na mbuzi wa watu walikuwa wanashuka humo.

Wapima ardhi wenzangu wameshajua kilichotokea. Alama nyingi za zamani za upimaji nchini zimehesabiwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, na kipokezi cha setilaiti kisipoelekezwa vingine kinahesabu kwa WGS 84, mfumo wa dunia nzima. Ukiingiza namba za mfumo mmoja kwenye mwingine, hakuna kengele inayolia. Tarakimu za mwanzo ni zile zile na kila kitu kinaonekana kimekaa sawa, ila wewe mwenyewe umesimama mamia ya mita kutoka mahali unapodhani upo. Na sisi wa Dodoma tuna mtego wa pili: nyuzi 36 mashariki, mstari unaotenganisha kanda mbili za ramani, unapita mashariki kidogo mwa mji. Anayetoka mjini kwenda Kongwa kikazi anaanza safari akiwa ukanda wa 36 na kuimaliza akiwa ukanda wa 37.

Haya yote nilifundishwa chuoni. Niliulizwa kwenye mtihani, nikayajibu vizuri. Lakini asubuhi ile macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha mashine, na ardhi yenyewe nilikuwa sijaitazama hata mara moja.

Mzee hakuninyang'anya mashine. Hakuniambia nimekosea wapi. Alirudi kivulini, akaniacha nihangaike na mipangilio ya kipokezi mpaka nikaipata mwenyewe, na tulipohamia mahali penyewe ilikuwa yapata saa sita mchana. Nusu ya siku ya kampuni ilikuwa imekwenda. Ni gharama hiyo ninayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu kila ninaposikia ofisi inatangaza mpango wa ulezi kazini, yaani mzoefu kumfundisha kazi aliye mgeni, swali langu la kwanza ni nani atailipa ile nusu siku.

Nilikuwa nimeshapewa mlezi mwingine kabla yake. Mahali pa kwanza nilipoajiriwa, ambapo sitapataja, walikuwa na mpango kamili: uzinduzi wenye keki, jedwali la nani analelewa na nani, fomu ya kujaza kila mwezi yenye sehemu ya malengo, ya changamoto na ya sahihi mbili. Mlezi wangu alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi kupita kiasi. Kila mwisho wa mwezi nilimfuata mezani kwake na fomu nimeshaijaza pande zote mbili, yangu na yake, naye akasaini akiwa ameshika simu kwa bega. Tulifanya hivyo miezi tisa. Simlaumu. Alikuwa anapimwa kwa idadi ya viwanja vinavyotoka mikononi mwake, na hakuna aliyempunguzia hata kimoja ili apate nafasi ya kuzungumza nami. Mpango ule kwenye makaratasi ulifaulu kwa asilimia mia, na mimi nilitoka nilivyoingia.

Nadhani hata neno lenyewe linatuchanganya. Kwa matumizi yetu ya kila siku, mlezi ni mlezi wa kwaya, mlezi wa klabu ya mpira, mlezi wa kikundi cha kina mama. Ni mtu mkubwa anayealikwa, anakaa meza ya mbele, anatoa ahadi ya sare au vyombo vya muziki. Kijana anapoambiwa ofisini kwamba fulani ndiye mlezi wako, anachokisikia ni kwamba amepata mfadhili. Anasubiri asukumwe mbele. Na mkubwa naye anadhani wajibu wake ni kuonekana siku ya uzinduzi na kutoa nasaha kwamba vijana wawe wavumilivu.

Mfano tunaoujua vizuri zaidi uko mtaani, na hauna fomu. Tazama nyumba yoyote inayojengwa Iyumbu au Mkonze. Fundi ana saidia fundi wake. Mwanzoni kijana anachanganya zege na kubeba tofali, na macho yake yako kwenye mkono wa fundi. Siku moja fundi anamwachia kozi mbili za ukuta wa choo, mahali ambapo kosa halitaangusha nyumba. Anarudi, anaweka timazi, anabomoa tofali tatu bila maneno mengi, anamwambia rudia. Utingo wa lori anajifunza vivyo hivyo: kwanza kigingi na turubai, halafu kulisogeza gari ndani ya yadi, halafu kipande cha barabara isiyo na magari usiku. Hakuna aliyezindua mpango. Lakini kazi imegawanywa kwa namna ambayo kosa la mwanafunzi linatarajiwa, lina mahali pake, na limo ndani ya bei.

Ofisini hatukulirithi hilo. Tunamchukua mhitimu, tunampa kompyuta na kazi kamili, kisha tunashangaa.

Zipo taaluma zilizokataa kushangaa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi tangu 2003 ina mpango wa kuwaweka wahitimu wa uhandisi kazini kwa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, wakiandika kazi wanazofanya na yeye akizikagua, kabla hawajaomba kusajiliwa wenyewe. Madaktari wanamaliza chuo na bado wana mwaka wa kufanya kazi hospitalini chini ya waliowatangulia. Walimu siku hizi wana MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo wanakutana shuleni kwao na kujadiliana somo linavyofundishwa, badala ya kusubiri semina ya mbali. Mipango hii ina upungufu wake, na waliopita humo watawasimulia. Lakini msingi wake naukubali: kuwa chini ya mtu ni sehemu ya kazi, ina muda wake, na mtu huyo anawajibika kwa jina.

Kwa nini jambo hili linaniuma nikiwa Dodoma hasa? Kwa sababu mji huu umekua kwa kasi kuliko wazee wake wa kazi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, na mwaka huo huo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuusimamia mji. Ilipotangazwa Julai 2016 kwamba serikali inahamia kweli, mahitaji ya viwanja yaliruka. Mei 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikaenda kwa iliyokuwa manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwaka uliofuata majengo ya wizara yakawa yamesimama Mtumba, kwenye mji wa serikali. Sisi vijana tulikuja kwa mabasi. Nilifika na begi moja na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Kazi ilikuwepo kila kona. Aliyekosekana ni mtu wa kukuambia kwamba bikoni, lile jiwe la kuonyesha mpaka, uliyoikuta hapo Chang'ombe isiaminiwe kwa sababu tu imo ardhini.

Mzee alijua. Aliingia kwenye kazi hii akiwa kijana wa kubeba miguu mitatu ya mashine, akapanda polepole, akasoma akiwa kazini, akastaafu utumishi wa umma akiwa na miaka 60 kama sheria inavyotaka, ndipo kampuni yetu ndogo ikamchukua kwa mkataba. Mkurugenzi wetu alifanya jambo moja ambalo sijaona likifanywa kwingine. Alimwambia mbele yetu sote kwamba hatahesabiwa viwanja. Kazi yake ni sisi. Wakati ule tulikuwa watano, na nilifikiri ni heshima tu kwa mtu mzima. Baadaye, nilipoanza kuona bei za zabuni na nikaelewa mshahara wake ulitoka wapi, nilijua ulikuwa uamuzi mgumu kwa kampuni ya ukubwa wetu.

Mengi aliyonifundisha hayakuwa upimaji kwa maana ya chuoni. Tukienda kwenye mgogoro wa mpaka, mashine ilibaki garini. Kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, tukae, tunywe maji. Kisha majirani wote wawili watembee, kila mmoja kwa wakati wake, watuonyeshe kwa miguu yao mpaka ulipo. Nilikuwa naona tunapoteza muda. Siku moja mama mmoja mjane alitembea mpaka wake, akafika kwenye kisiki cha mbuyu, akasimama akaanza kulia. Hakuna ramani iliyokuwa na kile kisiki. Jirani yake, aliyekuwa amekuja na maneno makali, aliinamisha kichwa, akasema ni kweli, marehemu alikuwa anaupitisha pale kwa jembe. Mashine ilipotoka garini mpaka ulikuwa umeshakubaliwa, sisi tukaweka namba tu. "Ukitoa mashine kwanza," aliniambia njiani, "wanaacha kusema ukweli wanaanza kubishana na mashine."

Mimi ni mwanamke, na porini hilo linaonekana. Tukishuka garini, wateja humsalimia dereva, humsalimia kijana wa prizima, kisha humweleza Mzee shida yao. Yeye aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa mwelezeni mpima," akinionyesha mimi, naye akaenda kukaa kivulini. Hakutoa hotuba kuhusu wanawake. Alifanya hivyo kila mara, miezi na miezi, mpaka watu wa maeneo tuliyozoea kufanya kazi wakawa wanapiga simu ofisini kumuulizia "yule dada mpima". Nimehudhuria semina za kumwezesha mwanamke kazini, nyingine nzuri. Hakuna iliyonipa nilichopewa na yale maneno matatu.

Mtafiti wa Marekani Kathy Kram, aliyeanza kuandika kuhusu ulezi kazini miaka ya 1980, aliona kwamba uhusiano huu hufanya kazi za aina mbili. Moja ni ya kumsogeza mtu kikazi: kumfundisha, kumpa kazi ngumu, kulitaja jina lake mahali asipokuwepo, kumkinga. Nyingine ni ya kumtengeneza moyoni: kumkubali, kumsikiliza, kumpa mfano wa kuiga. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Mzee mara moja, lakini nilikumbuka pia kwamba fomu zangu za ile ofisi ya kwanza zilikuwa na nafasi ya aina ya kwanza peke yake. Tafiti zilizofuata, zilipojumlishwa, zimeonyesha kwamba waliolelewa kazini kwa wastani wanaridhika zaidi na kazi zao na wanafika mbali kidogo zaidi kwa cheo na mshahara. Kidogo, nasema. Anayeahidi kwamba ulezi utageuza ofisi kwa robo mwaka anaahidi asichoweza kukitoa. Kwangu nguvu yake iko mahali ambapo wastani haufiki: mtu mmoja, kosa moja, asubuhi moja.

Kosa la Mzee mwenyewe ndilo lililonifunga naye. Tulikuwa tunakula ugali wa mtama na mlenda kwa mama mmoja kando ya barabara ya Singida, siku ile ile ya Nala. Nilikuwa sijui niuweke wapi uso wangu. Akaanza kunisimulia, bila kunitazama, jinsi akiwa mpima kijana alivyosimika bikoni za viwanja vingi kwenye bonde moja, mwezi wa Septemba. Ardhi nyekundu, kavu, tambarare, nzuri kabisa. Mchoro ulikuwa safi na hesabu zilifunga vizuri. Watu wakajenga. Miaka ikapita yenye mvua za wastani, kisha ukaja mwaka ambao mvua zilishuka zote kwa wiki chache, na maji yakarudi kwenye njia yake. Nyumba zikajaa tope hadi madirishani. Alikwenda kutazama. Alisema alimkuta mtu anachota matope sebuleni kwa sufuria, na mtu yule hakujua kwamba anayemsalimia ndiye aliyeweka mawe yale.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi mingine ardhi inaficha siri zake. Ndiyo sababu Mzee alitufundisha kutafuta takataka. Tukifika mahali pakavu alitupeleka kwenye vichaka vya miiba na kutuambia tutazame urefu wa magoti. Nyasi kavu zilizonasa kwenye miiba, zote zimelala upande mmoja, maana yake maji yalipita hapo, kwa kina hicho, yakielekea huko. Tazama mizizi iliyoachwa wazi upande mmoja wa mti. Muulize bibi anayeishi jirani, usimuulize anayeuza. Hakuna kitabu nilichosoma chuoni chenye sura ya takataka za kwenye miiba.

Nilijua tangu siku ile kwamba mtu huyu hatanificha kitu. Mlezi anayesimulia mafanikio yake tu humfundisha kijana kuficha makosa, na katika kazi yetu kosa lililofichwa linazikwa ardhini likiwa na zege juu yake. Baada ya lile la Nala sikuwahi tena kusita kumpigia simu nikiwa porini na kumwambia, Mzee, kuna namba hapa sizielewi.

Kram anasema pia kwamba uhusiano wa namna hii una hatua: unaanza, unakomaa, kisha inafika kutengana, na baada ya hapo unageuka kuwa kitu kingine. Kutengana kwetu sikukupenda. Mkataba wake ulipoisha aliaga kwa chai na maandazi, akaenda Hombolo kwenye shamba lake la zabibu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na hasira ambayo sikujua naielekeza kwa nani. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, wakati wa mavuno ya Agosti. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kichana cha zabibu nyeusi zenye joto la jua, kisha akatoa karatasi aliyoikunja mara nne. Alikuwa amesikia kuhusu picha za droni na alitaka nimweleze, hatua kwa hatua, namna urefu wa ardhi unavyopatikana kutokana na picha. Tulikaa mpaka jioni. Aliuliza maswali kama mwanafunzi, na aliposhindwa kuelewa alisema, rudia.

Mimi sasa nina kijana wangu. Alikuja kutoka chuo akiwa na haraka na akili nyingi kuliko nilizokuwa nazo umri wake. Kwa miezi minne ya mwanzo nilimlea vibaya, na nataka kuliandika hili wazi kwa sababu najua wengi wa rika langu tunalifanya. Nilikuwa namnyang'anya mashine. Akichelewa kusawazisha, naisogelea, naimaliza kwa sekunde ishirini, tunaendelea. Nilijiambia namwonyesha. Ukweli ni kwamba nilikuwa na viwanja 40 vya kumaliza wiki ile na kila dakika yake ilikuwa inatoka kwenye hesabu yangu. Nilikuwa nimegeuka yule mkubwa wa simu begani, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa juani.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Sikuomba mafunzo ya ulezi wala fomu. Niliomba nipunguziwe viwanja. Nilimkumbusha alichokifanya kwa Mzee, nikamwambia kwamba tukiendelea hivi kijana huyu ataondoka na kile anachokijua, na siku moja mimi nami nitaondoka na ninachokijua, na ofisi itabaki na mashine. Alisema kampuni imekua, gharama zimekua, haiwezekani kumweka mtu mzima kwa kazi hiyo peke yake. Tulibishana kwa heshima, mara tatu kwa wiki mbili. Mwishoni alinipa siku moja kila wiki mbili ambayo sitahesabiwa kitu. Nilitaka zaidi. Nimeichukua.

Siku ya kwanza ni Jumanne ijayo. Juzi usiku mvua ya kwanza kubwa ya msimu ilinyesha, ile inayopiga mabati mpaka huwezi kusikia simu, na wanasema nyingine iko njiani. Kijana ameniuliza abebe mashine ipi. Nimemwambia aje na mabuti na daftari. Tunakwenda Nala kuangalia maji.